Wimbo Gani wa Filamu Utachukua Tuzo? Majibu kwa Wabashiri wa Nalufenya

Sherehe ya Oscar inapoanza Los Angeles jioni ya Jumapili, hapa Nalufenya, mjini Jinja, huwa ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Wapo wanaokesha kuitazama, simu mkononi na kifurushi cha intaneti kikipungua, wakingoja kuona kama wimbo waliouchagua utatajwa. Lakini kufikia saa hiyo mshindi ameshapatikana siku nyingi. Mwaka 2024 kura zilifungwa tarehe 27 Februari, na sherehe ikafanyika Machi 10. Waliokesha walikuwa wakingoja bahasha tu.

Kwa hiyo anayetaka kubashiri vizuri hana la kutafuta jukwaani. Kazi yake iko kwenye kanuni, kwenye kalenda na kwenye tabia za wapiga kura, na yote matatu yanaweza kusomwa na yeyote mwenye simu, awe Jinja au Mbale. Msimamo wangu nautaja mapema: wengi hukosea kwa sababu hubashiri wimbo wanaoupenda. Tuzo hii haipimi wimbo peke yake. Inaupima ukiwa ndani ya hadithi, na kabla haujafika kwa wapiga kura wote hupita kwanza mikononi mwa watu wachache wa fani yenyewe.

Ni tuzo zipi tunazozungumzia?

Kubwa kuliko zote katika jambo hili ni Oscar, ambayo imekuwa ikiwatuza watunzi wa nyimbo za filamu tangu ilipotuza filamu za mwaka 1934. Wimbo wa kwanza kushinda ulikuwa "The Continental", kutoka filamu *The Gay Divorcee*. Golden Globe nayo ina kipengele hicho hicho, na siku hizi hutolewa Januari, wiki kadhaa kabla ya Oscar. India wana Filmfare, zilizoanza 1954, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazogawa heshima vizuri kuliko nyingine: mtunzi wa muziki ana tuzo yake, mwandishi wa maneno yake, mwimbaji wa kiume yake na wa kike yake. Kwa mji kama Jinja, ambako familia zenye asili ya India zimeishi na kufanya biashara kwa vizazi, Filmfare si jina geni.

Afrika tuna tuzo za AMAA tangu 2005 na AMVCA tangu 2013. Kenya wana Kalasha, Zanzibar wana ZIFF, na sisi tuna Tamasha la Filamu la Uganda, ambalo Tume ya Mawasiliano imeliandaa tangu 2013. Tuzo hizi za kwetu hutazama zaidi muziki au sauti ya filamu nzima kuliko wimbo mmoja mmoja, na uamuzi wake mwingi hufanywa na jopo dogo la majaji. Kulibashiri jopo dogo ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo maana maelezo haya yanaegemea Oscar, ambayo kanuni zake zimechapishwa na kumbukumbu zake zinarudi nyuma miaka tisini.

Wimbo gani una haki ya kushindana?

Hapa ndipo wabashiri wengi huanguka kabla hata ya kuanza, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Wimbo lazima uwe na maneno na muziki, na vyote viwili viwe vipya, vilivyotungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Ukitungwa kwa sababu nyingine kisha mwongozaji akaupenda na kuuweka kwenye filamu yake, umeshatoka nje ya mashindano. Fikiria *The Bodyguard* ya mwaka 1992. Ukiuliza mtu yeyote Uganda wimbo wa filamu hiyo ni upi, atakutajia "I Will Always Love You" wa Whitney Houston. Wimbo huo haukuweza hata kuteuliwa, kwa kuwa Dolly Parton alikuwa ameutunga na kuurekodi miaka ya sabini. Nyimbo mbili nyingine za filamu hiyo, "I Have Nothing" na "Run to You", ndizo zilizoteuliwa, na zote zikashindwa na "A Whole New World" wa *Aladdin*.

Kanuni hii ilikazwa kutokana na kisa cha filamu ya mwaka 1941. "The Last Time I Saw Paris" ulishinda kupitia *Lady Be Good*, ingawa haukuwa umetungwa kwa ajili ya filamu hiyo, na mtunzi wake mwenyewe, Jerome Kern, hakuridhika na ushindi huo. Tangu hapo mlango ukabanwa. "Come What May", wimbo ulioshika roho ya *Moulin Rouge!* mwaka 2001, ulikataliwa kwa sababu awali ulitungwa kwa ajili ya filamu nyingine ya mwongozaji huyo huyo.

Wimbo lazima pia usikike vizuri, maneno na sauti yake vieleweke, na uwe ndani ya filamu yenyewe au uwe wa kwanza kabisa kupigwa majina yanapoanza kupita mwishoni. Ukiwa wa pili katika majina hayo, hauhesabiki. Madonna alishinda Golden Globe mwaka 2012 kwa "Masterpiece" wa filamu *W.E.*, lakini kwenye Oscar wimbo huo haukuwemo kwa sababu uliingia majina yakiwa yameshaanza kupita na muziki mwingine.

Sharti la mwisho ndilo ningependa kila mwanamuziki wa Busoga na Bugisu alishike: wimbo urekodiwe kwa ajili ya filamu kabla ya kutumiwa mahali pengine popote, iwe jukwaani au redioni. Mwaka 2008 "Falling Slowly" wa filamu *Once* nusura uondolewe kwa sababu hiyo, kwani ulikuwa umeshatoka kwenye albamu kabla filamu haijaonyeshwa. Kamati ilichunguza, ikaridhika kwamba ulitungwa kwa ajili ya filamu hiyo iliyochukua muda mrefu kukamilika, na mwishowe ukashinda.

Nani hasa hupiga kura?

Kura ni mbili, na wanaozipiga si watu wale wale. Kwanza, wanachama wa tawi la muziki la Akademi, yaani watunzi na wataalamu wa muziki wa filamu ambao idadi yao ni mamia tu, huchagua nyimbo 15 za orodha ya awali. Orodha hiyo hutoka Desemba. Kisha tawi hilo hilo hupunguza hadi 5. Baada ya hapo wanachama wote wa Akademi, ambao sasa ni maelfu kadhaa, humchagua mshindi: waigizaji, wapiga picha, washonaji wa mavazi, wahariri na wengineo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mbashiri. Watunzi huchagua kwa sikio la fundi. Huupa nafasi wimbo mdogo wa filamu ambayo hakuna aliyeitazama, kwa sababu wanamheshimu aliyeutunga. Mfano mzuri ni Diane Warren, aliyeteuliwa zaidi ya mara 15 bila kushinda hata mara moja kwa kura, mpaka Akademi ikampa tuzo ya heshima mwaka 2022. Wenzake wa fani humteua karibu kila mwaka. Kura ikifika kwa umma mpana wa Akademi, ambao zamani wengi wao hawakulazimika kuitazama filamu husika, huishia hapo. Ukiona wimbo wake umeteuliwa peke yake kutoka filamu isiyo na uteuzi mwingine, kumbuka historia hiyo kabla ya kuuchagua.

Katika kura ya mwisho mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko wengine, hata kama hajafika nusu. Nyimbo zikiwa tano, asilimia ishirini na kitu zinaweza kutosha. Ndiyo sababu watu huogopa filamu moja kuwa na nyimbo kadhaa, kwamba zitagawana kura. Mwaka 2007 *Dreamgirls* ilikuwa na nyimbo tatu kati ya tano, na zote zikashindwa na "I Need to Wake Up" wa filamu ya hali halisi kuhusu tabianchi, *An Inconvenient Truth*. Mwaka uliofuata *Enchanted* nayo ikaingiza tatu na kuondoka mikono mitupu. Baada ya hapo Akademi ikaweka kikomo: filamu moja, nyimbo mbili tu. Hata hivyo nisingeipa hofu hiyo uzito mkubwa leo. *La La Land* iliingiza mbili ikashinda, *Barbie* mbili ikashinda, *Emilia Pérez* mbili ikashinda. Wapiga kura hujua wenyewe upi ndio wimbo wa filamu.

Kuna mabadiliko ya karibuni ambayo mbashiri wa sasa lazima ayajue. Mwaka 2025 Akademi ilitangaza kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele chochote kama hajatazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Naona jambo hilo litazisaidia filamu ndogo, kwa sababu zamani uzembe wa kutotazama uliwafaa wenye majina makubwa.

Mbona wimbo uliovuma kuliko yote hukosa?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, hasa na vijana waliokua na "See You Again" wa *Furious 7*. Mwaka 2015 wimbo huo ulipigwa kila mahali, kwenye teksi na kwenye harusi, na uliteuliwa kwa Golden Globe. Kwenye Oscar haukufika hata tano za mwisho. Watunzi wa tawi la muziki hawahesabu waliotazama YouTube. Hupelekewa vipande vya filamu vinavyoonyesha wimbo ulivyotumika, na kutoka hapo huamua.

Sababu nyingine ni kalenda. Studio ndiyo inayowasilisha wimbo, nayo huchagua kabla haijajua umma utapenda nini. *Encanto* ilitoka mwishoni mwa Novemba 2021. Muda wa kuwasilisha nyimbo ulikuwa umefungwa mwanzoni mwa mwezi huo, na Disney ilikuwa imeshapeleka "Dos Oruguitas", wimbo wa huzuni wa Kihispania. Kufikia Januari dunia nzima ilikuwa ikiimba "We Don't Talk About Bruno", ambao haukuwa kwenye orodha kabisa. "Dos Oruguitas" uliteuliwa, ukashindwa na "No Time to Die". Kwa hiyo Desemba, kabla hujabishana na mtu, fungua orodha ya nyimbo 15. Ikiwa wimbo wako haumo, ubishi umekwisha.

Dalili gani ya kuaminika zaidi?

Golden Globe, lakini kwa tahadhari. Nimezilinganisha sherehe 13 za kuanzia 2013 hadi 2025. Mara 10 wimbo ulioshinda Golden Globe ndio ulioshinda Oscar, kuanzia "Skyfall" na "Glory" hadi "Shallow", "Naatu Naatu", "What Was I Made For?" na "El Mal". Mara tatu haikuwa hivyo. Mwaka 2014 U2 walishinda Golden Globe kwa "Ordinary Love", wimbo wa filamu ya maisha ya Mandela, kisha Oscar ikaenda kwa "Let It Go". Mwaka 2018 "This Is Me" ulishindwa na "Remember Me" wa *Coco*. Mwaka 2021 "Io sì" ulitoa nafasi kwa "Fight for You" wa *Judas and the Black Messiah*.

Tazama hizo mbili za kwanza. Wimbo uliokuja kushinda ulitoka kwenye filamu ya katuni ambayo bila wimbo huo haisimuliki. "Remember Me" huimbwa mara kadhaa ndani ya *Coco*, kila mara ukiwa na maana tofauti, na mwishoni ndio unaomrudishia bibi kumbukumbu zake. Ukiutoa, filamu inaanguka. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: jiulize kama hadithi ingeweza kuendelea bila wimbo huo. "Naatu Naatu" katika *RRR* haukuwa pambo. Ni shindano la kucheza ngoma ambamo vijana wawili wa Kihindi wanawashinda Waingereza waliowadharau, nao urafiki wao, ambao ndio uti wa mgongo wa filamu nzima, unaonekana pale waziwazi. Ulishinda Machi 2023, ukiwa umeimbwa kwa Kitelugu, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Zipo pia nyimbo zinazoshinda kutoka kwenye majina ya mwisho. "Glory" wa *Selma* ulikuwa wa aina hiyo, na "Fight for You" vilevile. Zote mbili ni za filamu za historia ya mapambano ya Wamarekani weusi, na wimbo wa mwisho unampa mtazamaji pumzi baada ya kuona damu. *Selma* mwaka 2015 iliteuliwa katika vipengele viwili tu, filamu bora na wimbo bora, na watu wengi walilalamika kwamba imeonewa. Naamini sehemu ya kura za "Glory" zilikuwa za kurekebisha hilo. Filamu nzito iliyopuuzwa kwingine mara nyingi hupata haki yake kwenye wimbo, na mbashiri makini huziangalia filamu za namna hiyo mapema.

Nyimbo za James Bond zinafundisha jambo lingine. Kwa miongo mingi ziliteuliwa bila kushinda, zikiwemo "Live and Let Die" na "Nobody Does It Better". Kisha tatu zikashinda katika muda wa miaka tisa: 2013, 2016 na 2022. Ule wa 2016, "Writing's on the Wall" wa Sam Smith, uliwaumiza wabashiri wengi, kwani wengi walikuwa upande wa "Til It Happens to You" wa Lady Gaga na Diane Warren. Gaga aliimba jukwaani usiku ule akiwa na manusura wa ubakaji, ukumbi mzima ukasimama, na baada ya hapo bahasha ikataja jina lingine. Kura zilikuwa zimefungwa zamani.

Mbona Queen of Katwe haikupata kitu?

Filamu hiyo ni yetu kwa namna ambayo chache ni zetu. Ilitoka Septemba 2016 ikiwa chini ya Disney, ikaongozwa na Mira Nair, ikasimulia maisha ya Phiona Mutesi, mchezaji wa chesi kutoka Katwe. Madina Nalwanga alicheza nafasi yake, pamoja na Lupita Nyong'o na David Oyelowo. Alicia Keys aliiimbia "Back to Life", na vijana wawili waliojiita Young Cardamom na HAB wakatoa "#1 Spice", rapu yenye ladha ya Kampala. Young Cardamom ni Zohran Mamdani, mtoto wa Mira Nair, aliyezaliwa Kampala na ambaye Novemba 2025 alichaguliwa kuwa meya wa New York.

Oscar za 2017 zilipotangazwa, *Queen of Katwe* haikuteuliwa popote, wala kwenye wimbo. Sababu ninazoziona ni tatu. Filamu haikuingiza pesa nyingi kwenye kumbi, na filamu isiyotazamwa haina wa kuisemea. Pili, ulikuwa mwaka wa *La La Land*, iliyoteuliwa mara 14, na "City of Stars" ukashinda. Tatu, Disney ile ile ilikuwa na *Moana* mkononi, na "How Far I'll Go" wa Lin-Manuel Miranda ulikuwa aina ya wimbo ambao tawi la muziki huupenda: msichana anasimama ufukweni na kusema anachokitaka, na filamu yote inafuata maneno hayo. Studio moja yenye nyimbo mbili huweka nguvu kwenye ule unaoelekea kushinda. Siwalaumu, lakini iliniuma, kwa sababu watoto wa Katwe walistahili kuimbiwa pale.

Kuna waliotutangulia kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Mwaka 1995 "Hakuna Matata" uliteuliwa kati ya nyimbo tatu za *The Lion King*, wenye jina la Kiswahili na waandishi Waingereza, Elton John na Tim Rice. Ulioshinda ni mwenzake, "Can You Feel the Love Tonight". Mwaka 2023 Tems wa Nigeria aliteuliwa kama mmoja wa waandishi wanne wa "Lift Me Up" wa *Black Panther: Wakanda Forever*.

Ninatazama filamu kibandani. Je, naweza kubashiri?

Unaweza, ila ujue unachokikosa. Vibanda vyetu vya video ndivyo vilivyotufundisha sinema, na kazi ya ma-VJ kama VJ Jingo na VJ Junior ni sanaa kamili: wanatafsiri, wanaeleza, wanachekesha. Lakini VJ huzungumza juu ya wimbo. Majina ya mwisho yanapoanza kupita, mwenye kibanda hubadilisha filamu, kwa sababu wateja wa zamu inayofuata wameshalipa. Hivyo nyimbo kama "Glory" au "Back to Life" hazisikiki kabisa. Kabla ya kuchagua, tafuta kipande chenye wimbo katika sauti yake ya asili, ukitazame na picha zake, kama wale wa tawi la muziki wanavyofanya. Kuusikiliza redioni hakutoshi.

Naweza kuweka dau?

Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 inamzuia aliye chini ya miaka 25. Aliyefikisha umri huo ahakikishe kampuni ina leseni ya Bodi ya taifa inayosimamia michezo hiyo. Binafsi ningesema bashirini kwa soda. Tumeona kwamba hata dalili bora kuliko zote ilikosea mara tatu kati ya kumi na tatu, na ada ya shule haiwekwi juu ya hesabu ya namna hiyo.

Tuzo anapewa nani, mwimbaji?

Hapana. Anapewa aliyetunga muziki na aliyeandika maneno. "Naatu Naatu" uliimbwa na Rahul Sipligunj na Kaala Bhairava, lakini sanamu walizichukua M. M. Keeravani kwa muziki na Chandrabose kwa maneno. Mwimbaji huipata tu kama naye aliandika, kama Billie Eilish aliyeandika "What Was I Made For?" pamoja na kaka yake Finneas. Jambo hili linatugusa sana Uganda, ambako mwandishi wa wimbo huuza maneno yake kwa pesa kidogo na jina lake lisitajwe tena. Siku tuzo itakapobisha hodi, haitamtambua ambaye jina lake halimo kwenye karatasi.

Mwanamuziki wa Jinja au Mbale afanye nini?

Swali hili nililiacha mwisho kwa kuwa ndilo ninalolijali zaidi. Utajiri tunao. Busoga ina embaire, marimba makubwa ya magogo yanayopigwa na watu kadhaa juu ya shimo. Nakibembe Embaire Group walitoa albamu mwaka 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes. Bigwala, tarumbeta za vibuyu za Basoga, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mbale wana kadodi, ngoma za msimu wa imbalu ambazo humfanya hata mgeni atingishe mabega.

Lakini soma kanuni tena. Embaire bila maneno haiingii kwenye wimbo bora. Inaingia kwenye kipengele cha muziki wa filamu. Wimbo wa kadodi ambao babu zetu waliuimba si mpya, hivyo hauingii. Mdundo wake hauna kizuizi. Unaweza kuchukua mapigo ya kadodi, ukatunga sauti mpya na maneno mapya, yawe ya Lumasaaba, Lusoga au Kiswahili, kwa ajili ya tukio maalumu la filamu. "Naatu Naatu" ulifanya hivyo hivyo kwa mapigo ya kijijini ya kusini mwa India.

Andikiana na mtayarishaji wa filamu mkataba unaosema wimbo umetungwa kwa ajili ya filamu yake, uwe na tarehe na majina ya waandishi wote. Usiuimbe kwenye tamasha la Nyege Nyege wala kuupeleka redioni kabla haujarekodiwa kwa ajili ya filamu. Sajili hakimiliki katika URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na ujiunge na UPRS, chama kinachokusanya malipo ya watunzi, ili wimbo ukipigwa nje ulipwe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kilichoandikwa leo kitawafaa watoto.

Filamu yenyewe, ili iingie Oscar kwa njia ya kawaida, huhitaji kuonyeshwa siku saba mfululizo kwenye ukumbi wa kibiashara katika mojawapo ya miji sita ya Marekani: Los Angeles, New York, Chicago, Atlanta, San Francisco na maeneo yake, au Dallas na Fort Worth. Ni gharama, na kwa filamu nyingi za Uganda bado iko mbali. Tamasha la Filamu la Uganda liko karibu zaidi, na AMVCA pia.

Ikitokea filamu imefuzu, wimbo hauingii wenyewe. Mtayarishaji hujaza fomu pamoja na waandishi wa wimbo, na kuambatisha kipande cha filamu ambamo wimbo unasikika. Wabishanie kipande hicho mapema, mwongozaji na mtunzi wakiwa chumba kimoja, kwa sababu wengi wa watakaoamua hatima ya wimbo mwezi Desemba watakuwa hawajawahi kuisikia Jinja.

Na jambo moja la tahadhari. Baada ya kuwasilisha, asipige mtu simu wala kuandika barua za kuomba kura. Januari 2014 Akademi iliufuta uteuzi wa "Alone Yet Not Alone" baada ya kugundua kwamba mtunzi wake, Bruce Broughton, aliyewahi kuwa kiongozi katika tawi hilo hilo la muziki, alikuwa amewaandikia wenzake barua pepe akiwaomba wausikilize wimbo wake. Jina lake liliondolewa wateule wakiwa wameshatangazwa, na kipengele kikaenda kwenye kura ya mwisho kikiwa na nyimbo nne.